Unaisi Hana Kosa

Unaisi alikuwa na miaka tisa na alipenda kuamrisha watu. Asubuhi baba yake alipomenya muhogo, yeye aliketi kwenye mkeka na kumsimamia.

"Baba," alianza. Kisha akanyamaza. Shingo ilikaza, mdomo ukatafuta neno. Apenisa, baba yake, alingoja na kisu mkononi. "Hicho... kipande... kimeoza."

"Hakijaoza, mama. Ndiyo rangi yake."

"Basi... ukile... wewe."

Mama yake, Torika, alicheka mpaka tui la nazi likamwagika kwenye majani ya magimbi.

Unaisi alizaliwa na utindio wa ubongo. Miguu yake ilikuwa migumu, na alitembea kwa kushikilia kitu. Mkono wa kulia ulitetemeka. Maneno yalimtoka polepole, moja baada ya jingine. Lakini akili yake ilikuwa timamu, na ulimi wake, ukishapata njia, haukumwogopa mtu.

Kelele za watoto zilisikika nje. Walikuwa wamevaa sare, wanavuka daraja la mto Wainibuka kwenda shule. Unaisi aliacha kuamrisha. Akageuza uso ukutani mpaka kelele zikapotea.

Torika alimwona. Moyo ulimuuma, akainama kufuta tui lililomwagika.

Muhula uliopita mwalimu mkuu mpya, Bwana Ropate, aliwaita wazazi hao. Alisema Unaisi anachelewesha darasa. Akiulizwa swali, wenzake wote wanangoja. Akiandika, karatasi inateleza na kuchanika. Akitaka kwenda chooni, lazima abebwe.

"Labda apumzike nyumbani kwanza," alisema, "mpaka apate nguvu."

Sasa, sisi watu wa mtoni tunajua kuomba radhi. Hilo hatushindwi na mtu. Ukimkosea mwenzako, unachukua mizizi ya yaqona, mmea wa kinywaji chetu cha heshima, iliyofungwa vizuri. Unaketi chini mbele yake, unaiweka, unakiri kosa. Akiipokea na kupiga makofi, jambo limekwisha. Anayelifukua tena huonekana hana adabu. Ni desturi nzuri, na imezima ugomvi wa ndugu wengi.

Basi Apenisa alifanya alilolijua. Alichukua yaqona, akaketi kwenye sakafu ya ofisi ya Bwana Ropate. "Tusamehe," alisema, "kwa usumbufu wa mtoto wetu." Bwana Ropate naye ni mtoto wa desturi hiyohiyo. Akapokea, akapiga makofi. Jambo likafungwa. Apenisa alirudi nyumbani akijiona ametenda vema, na Unaisi akabaki kwenye mkeka.

Akabaki hivyo mpaka muhula mwingine ulipoanza, ndipo Merewai akaja.

Merewai alikuwa dada yake Apenisa. Alikaa mji wa Korovou, na alikuja kijijini kusaidia kusuka mikeka ya harusi ya ukoo. Alikuwa na kijana asiyeona, Viliame, ambaye sasa yuko sekondari. Merewai na wazazi wenzake walikuwa na kikundi cha kusaidiana katika masomo ya watoto wenye ulemavu.

Kwetu kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima. Lakini mtu na wifi yake ni watani, na utani wao hauna mpaka. Kwa hiyo Merewai alipokuwa na neno kwa kaka yake, neno hilo lilipitia kwa Torika.

Wanawake hao wawili waliketi wanasuka. Mvua ilikuwa inanyesha. Apenisa alikuwa mlangoni, hatua chache tu kutoka walipo, ananoa panga.

"Wifi," Merewai aliuliza, "mbona huyu bibi yuko nyumbani siku ya shule? Anaumwa?"

"Haumwi. Alipumzishwa."

"Amechoka na nini? Na kula muhogo wangu?"

"Shangazi," Unaisi alisema kutoka kwenye mkeka wake. Merewai aliacha kusuka akangoja. "Muhogo... si... wako."

"Haya, kumbe mdomo haujapumzishwa!" Merewai alicheka. Kisha akamgeukia Torika, na sasa hakuwa anacheka. "Niambie vizuri."

Torika akamwambia yote. Alipofika kwenye yaqona ya kuomba radhi, Merewai aliangusha ukindu aliokuwa ameushika.

"Wifi, mwambie mume wako nina swali. Mwulize, kosa lilikuwa lipi?"

Torika alimtazama mumewe. "Unaulizwa, kosa lilikuwa lipi?"

"Mwambie dada yangu nimesikia, mimi si kiziwi," Apenisa alisema bila kugeuka. "Kosa ni kuchelewesha darasa."

"Mwambie kusema polepole si kosa. Mwambie mtoto hakumtukana mtu, hakuiba, hakuvunja dirisha. Alizaliwa tu. Ameomba radhi kwa sababu mtoto amezaliwa?"

Jiwe la kunolea lilisimama. Torika hakulirudia swali hilo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Merewai alimsogelea akamshika goti. "Nisikilize, wifi. Mimi sikuzaliwa najua. Nilifundishwa na akina mama wenzangu. Sheria ya nchi inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama wengine. Haisemi akipata nguvu. Haisemi mwalimu akipenda. Shule ndiyo inayotakiwa itafute namna ya kumfaa mtoto, na wazazi wakae na walimu kuitafuta. Si kuomba fadhila."

"Lakini jambo lilishafungwa," Torika alisema. "Tukirudi, tutaonekana tunafukua."

"Kilichofungwa ni kosa. Masomo ya mtoto si kosa, hayakuwemo kwenye yaqona ile. Mnakwenda na jambo jipya."

"Basi twende wote, utusemee."

"Mimi? Nisimame mbele ya kaka yangu niseme juu yake? Unataka wazee waniue? Nitakuja, nitakaa mlangoni. Utasema wewe."

"Kikaoni anasema mume."

"Mume anajua mtoto anavyoshika penseli?"

Kule mlangoni Apenisa aliweka panga chini. "Torika, mwambie dada yangu sijui," alisema. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na mwambie nimesikia."

Tangu siku hiyo Torika alianza kumwangalia binti yake kwa jicho jingine. Merewai alikuwa amemwambia, "Anza na anayoyaweza. Asiyoyaweza utaambiwa na kila mtu hata kama hujauliza." Torika aligundua kwamba karatasi ikigandishwa mezani kwa utepe, haitelezi. Penseli ikizungushiwa kitambaa ikawa nene, mkono haukutetemeka sana. Unaisi aliandika jina lake lote. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama kama nyumba baada ya kimbunga, lakini zilisomeka.

"Na maswali ya darasani?" Torika alimwuliza. "Mwalimu afanye nini ili ujibu?"

Unaisi alifikiri. Shingo ilikaza. Mama yake hakummalizia neno.

"Ani... subiri."

"Tu?"

"Tu."

Torika alimkumbatia akauficha uso wake kwenye nywele za mtoto. Alikuwa amedhani kuna jambo kubwa kuliko hilo.

Merewai alimfundisha mengine. Kwamba kikao kiombwe mapema, na mwalimu wa darasa awepo, maana ndiye anayekaa na mtoto. Kwamba mkikubaliana, yaandikwe, nani atafanya nini na lini. "Neno la mdomoni hupeperuka, wifi."

"Na wakikataa?"

"Tutakwenda ofisi ya elimu ya wilaya. Bila matusi na bila kuchoka. Heshima si utumwa."

Siku ya kikao Apenisa alikuwa na shida moja. Hawezi kwenda mikono mitupu, hilo lingekuwa aibu. Lakini yaqona ileile tena?

"Mwambie mume wako," Merewai alisema, "kuna yaqona ya kuomba radhi, na kuna ya kubisha hodi. Mzizi ni mmoja, maneno ni mbalimbali. Safari hii abishe hodi."

Basi Apenisa aliketi tena kwenye sakafu ile ile. Torika alikaa nyuma yake, na Merewai karibu na mlango. Bwana Ropate alikuwepo, pamoja na mwalimu wa darasa, msichana mpole ambaye watoto wanamwita Madamu Sai. Apenisa aliweka yaqona mbele.

"Mwalimu Mkuu, hii ni ya hodi tu. Hatukuja kuomba radhi. Tumekuja kuzungumza juu ya masomo ya binti yetu."

Bwana Ropate alishtuka. "Lakini Apenisa, jambo hili si tulilimaliza?"

"Tulimaliza kosa. Nami nimelitafuta kosa la mtoto huyu usiku na mchana." Akainua macho. "Sijaliona. Nilikosea mimi kuliombea radhi."

Bwana Ropate aliitazama yaqona ile, kisha akaipokea na kupiga makofi.

"Nawakaribisha," alisema. "Lakini niwaambie ukweli. Darasa lile limejaa. Nifanye nini na mtoto huyu? Anaweza nini?"

Apenisa aligeuka. "Mama yake ndiye anayejua," alisema, akasogea pembeni ili kumpa mkewe nafasi.

Torika alisogea mbele kwa magoti. Alisema Unaisi anajua kusoma, anajumlisha kichwani, anakumbuka kila anachosikia, na hasa usichotaka akikumbuke. Madamu Sai alicheka. "Hilo ni kweli, Mwalimu Mkuu. Alikuwa akinikumbusha kazi ya nyumbani niliyosahau kusahihisha."

Torika akawaonyesha utepe, penseli yenye kitambaa, na karatasi yenye jina. "Na akiulizwa, anaomba asubiriwe."

"Naweza kumpa swali lake mapema," Madamu Sai alisema, "alifikirie wakati wengine wanajibu. Sikuwahi kuwaza hivyo."

"Na chooni?" aliuliza Bwana Ropate.

"Nitaweka mbao za kushikilia, kutoka darasani mpaka chooni," alisema Apenisa. "Atakwenda mwenyewe."

Bwana Ropate alikubali kwa kichwa taratibu. "Vizuri. Basi tutaona."

Mlangoni Merewai alipatwa na kikohozi kikali sana.

"Mwalimu Mkuu," Torika alisema, "naomba uniwie radhi, lakini 'tutaona' ni lini? Tuandike tulivyokubaliana. Na tupange siku ya kukutana tena, tuangalie kama vinafaa."

Bwana Ropate akavuta karatasi. "Mama Unaisi, mimi sikumchukia mtoto wako," alisema. "Sikujua pa kuanzia, nikaona aibu kusema sijui."

"Hata sisi hatukujua," Torika alijibu. "Tuanze pamoja."

Unaisi alivuka daraja wiki iliyofuata, huku ameshikilia mkono wa baba yake. Siku za kwanza hazikuwa rahisi. Watoto wengine walimwiga anavyosema. Madamu Sai alilikomesha hilo, na kabla hajalimaliza, Unaisi naye alikuwa ameanza kuwaiga wao. Mbao moja ya kushikilia ililegea, Apenisa akaja kuigongomea tena. Siku nyingine Madamu alisahau kusubiri. Unaisi alimkumbusha.

Mwisho wa muhula walikutana kama walivyoandika. Safari hii Unaisi alikuwemo, maana Merewai alikuwa amegomba, "Mnamjadili mtu, naye yuko nje anahesabu kuku?"

Madamu Sai alieleza maendeleo. Unaisi anasoma vizuri, hesabu zake ni safi, anakwenda chooni mwenyewe. Bwana Ropate alifurahi. "Basi tuendelee hivi hivi. Kuna mwenye neno?"

Unaisi aliinua mkono wa kushoto.

"Kiti... changu."

"Kina nini?" aliuliza Bwana Ropate. "Kinakuumiza? Ni kifupi? Au..."

"Mwacheni amalize," alisema Apenisa.

Wakamwacha.

"Kipo... mbele."

"Nilikuweka mbele ili nikusaidie upesi," alisema Madamu Sai.

"Nataka... nyuma. Na Losalini." Losalini alikuwa rafiki yake wa dawati la nyuma.

"Kwa nini nyuma, mwanangu?" aliuliza Torika.

Unaisi aliwatazama watu wazima mmoja mmoja, kama watu wagumu kuelewa.

"Huko... mbele... hakuna... stori."

Bwana Ropate alijaribu kubaki na uso wa mwalimu mkuu, akashindwa. Walicheka wote. Walikuwa wamepanga kila kitu cha mtoto huyu, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza anataka kukaa na nani. Wakakubaliana kupanua njia katikati ya madawati ili aweze kupita, na Bwana Ropate akaliandika hilo pia.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Unaisi alikaa nyuma na Losalini. Jioni hiyo alimkuta baba yake anamenya muhogo, akaketi karibu naye, uso unang'aa.

"Baba. Leo... nimegombezwa."

Kisu kilisimama. "Umegombezwa? Kwa kosa gani?"

"Kupiga... soga. Mimi na... Losalini. Wote... wawili."

Apenisa alimtazama binti yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, hilo sasa ni kosa," alisema. "Na radhi utaiomba mwenyewe."