Saloni Yangu: Kijani ao Bluu?

Kama hapa kuna neno moja la uongo, mto Lualaba upande mpaka kitandani kwangu. Yote ni kweli tupu. Mimi mwenyewe nilikuwako.

Émilienne alisimama katikati ya saloni yangu, chumba cha wageni, hapa mtaani Kasuku, mikono kiunoni. Sisi wawili ni wajane, na ndoa yetu ni Jumamosi. Ukutani nilikuwa nimempakia viraka viwili, achague rangi.

— Bluu, akasema. Chini ya mabati haya inapoza nyumba. Hii kijani yako, taa ikiwaka, inageuka mboga ya sombe ya juzi.

— Na bluu yako, wageni watafikiri wameingia dispanseri! Kijani, mama. Kijani njo iliniokoa wakati wa vita.

— Namna gani?

— Saloni hii ilikuwa kijani kabisa! Askari wakachungulia dirishani, wakaona pori, wakapita. Mmoja alisikia hata nyani.

Hakucheka. Akatoa simu, akanisomea ujumbe alionitumia jana yake: “Florentin, uongo moja tena, hakuna ndoa. Sichezi.”

— Ulisoma?

— Nilisoma.

— Basi kijani uliitoa wapi? Wakati ule wa vita treni haikufika, mashua haikufika. Kindu nzima tulipaka chokaa na bluu ya kufulia nguo. Na mwenye kuuza ile bluu sokoni njo mimi!

Akachukua kisu, akakwangua ukuta. Chokaa ikaanguka. Chini yake, bluu.

— Papa Florentin! Ilikuwa bluu! Sasa unaikatalia nini?

Uongo wote ukaniishia.

— Nilinunua kwako pakiti kila siku ya soko. Na shati nyeupe nilikuwa nayo moja tu.

— Eh! Mimi nilifikiri uko na watoto kumi.

— Hata bibi wa ndoa sikuwa naye bado. Nilikuja kukuona. Ile bluu nikapaka hapa, nikingoja siku nitapata ujasiri. Halafu marehemu Arsène akakuoa, akakupeleka Lubutu. Nikaifunika na chokaa. Sikuweza kuitazama.

Kidole cha Émilienne kilikuwa kinapita pole pole juu ya ile bluu ya zamani.

— Miaka yote hii hukusema?

— Kudanganya kulikuwa rahisi.

— Jumamosi nitakuja, akasema. Lakini faini ya uongo wako utalipa.

Leo ni Ijumaa. Niko juu ya ngazi, brosi ya rangi ya bluu mkononi, mgongo unalia. Yeye amekaa chini kwenye kiti, anaonyesha kwa kidole.

— Mama, nimepaka mara mbili! Inatosha!

— Mara mbili ni ya ukuta, papa. Ya tatu njo ya mdomo wako. Paka.