Vumbi Katika Tangi

Mvua za masika za mwaka 1971 zilipoanza, Jethro Ratemo alikuwa na gari moja tu la kumaliza. Lilikuwa Landrova kuukuu lililonunuliwa kwa mlowezi aliyehama Sotik, na mwenyewe alitaka ligeuzwe liwe gari la kupita popote: springi ziinuliwe, magurudumu ya lori yafungwe, bodi irefushwe nyuma. Mwenyewe huyo aliitwa Obadiah, mfanyabiashara wa vinyago vya mawe ya Tabaka. Jethro alilitengeneza katika gereji iliyo nyuma ya duka la vipuri la Haresh, mjini Kisii, hadi ukabaki mfumo wa mafuta peke yake. Tangi la zamani lilikuwa limeoza.

"Mama hajambo nyumbani?" Obadiah aliuliza kila alipopita.

"Hajambo, tata," Jethro alijibu, akimwita baba kwa heshima. "Bado kidogo."

"Nimalizie hili. Siku yake ikifika, nitampeleka hospitali mwenyewe, hata barabara iwe uji."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yao. Mwaka uliotangulia, Kemuma, mke wa Jethro, alishikwa na uchungu nyumbani kwao Ikonge wakati wa mvua, na hakuna gari lililoweza kupanda kule. Wanaume walimbeba kwa machela kati ya mashamba ya chai. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Sasa Kemuma alikuwa mjamzito tena, na mvua zilikuwa zimerudi.

Jethro alifunga tangi jipya chini ya kiti, akalitia petroli safi, akawasha. Injini ilinguruma vizuri, kisha ikakohoa na kuzima. Alifungua kikombe kidogo cha kioo kilicho chini ya pampu, kile kinachokamata uchafu wa mafuta. Kilikuwa kimejaa vumbi jeupe, laini kama poda ya mtoto.

"Petroli umenunua wapi, kwa msaga unga?" Haresh aliuliza kutoka mlangoni.

"Kwako, bwana."

"Basi si petroli."

Walicheka wote wawili. Jethro akamwaga mafuta yote, akaosha tangi, akalianika juani mpaka likakauka, akalitia petroli nyingine aliyoichuja kwa kitambaa. Gari likafika kona ya soko na kuzima. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Alibadilisha paipu. Akabadilisha pampu. Akaleta kabureta nyingine, ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Haresh aliacha kucheka akaanza kuja kusimama kando yake, mikono nyuma.

"Tangi umebadilisha, paipu umebadilisha, pampu, kabureta," alisema. "Amebaki mwenye gari tu."

Jethro alikuwa amelala chini ya gari. Alikuwa amefungua paipu ya mafuta ncha zote mbili ili aipulize kwa mdomo, kama mafundi wote wafanyavyo wanapotafuta mahali palipoziba. Ncha ya pili ilikuwa wazi mbele ya macho yake, imeelekea ukutani. Alivuta pumzi, akapuliza. Hewa ilipita bila shida. Akapumzika, mdomo wake ukiwa bado kwenye paipu.

Kisha paipu ikampulizia. Pole pole. Hewa yenye joto, kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

Alitoka chini ya gari bila kuchukua spana zake.

Barazani kwa Haresh aliketi Bochaberi, mama wa makamo kutoka Tabaka, aliyeuza bakuli na vinyago vya mawe. Alimwona Jethro akisukutua mdomo bombani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara nyingine tena. Akamwita.

"Hebu nione hicho ulicho nacho kwenye kikombe."

Alilisugua vumbi kati ya vidole kwa muda. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Mikono yake mwenyewe ilikuwa myeupe kwa vumbi hilo la mawe tangu utoto.

"Gari ni la nani?"

"La Obadiah."

Bochaberi alitazama barabarani kwanza, ndipo akasema kwa kunong'ona. Mwaka juzi, alisema, machimbo ya Obadiah yalimporomokea kijana mmoja aitwaye Nyasani. Hakufa hapo hapo. Watu walimsikia akiita chini ya mawe. Landrova hili lilikuwa limesimama pale pale, limepakia. Walimwomba Obadiah akimbie mjini kuleta jeki na minyororo. Obadiah aliingia, akachezea ufunguo, akatoka. Akasema petroli imeziba, ina uchafu, gari haliendi.

"Na lilikuwa linaenda?"

"Kesho yake lilienda na mawe yake yote. Nyasani alikuwa amenyamaza."

"Hawakumtoa?"

"Yuko huko mpaka leo. Mama yake, Mong'ina, hakulia. Alikuja akashika kifuniko cha tangi, akasema, kama imeziba, basi na izibe." Bochaberi alipangusa vidole vyake kwenye leso. "Wewe fundi, usiguse gari hilo tena. Lifunge, umpe mwenyewe."

Jethro angefanya hivyo. Lakini siku za Kemuma za kujifungua zilikuwa zimetimia, na hakukuwa na gari jingine la kupanda mlima wa Ikonge.

Akaamua kuuacha mfumo wote. Alifunga debe la petroli juu ya paa, akateremsha mpira wa plastiki unaoonyesha mafuta yakipita, ukapitia mbele ya kioo cha dereva na kuingia moja kwa moja kwenye kabureta. Petroli haikugusa tangi wala pampu. Gari likawaka na kuendelea kuwaka. Ijumaa hiyo alikwenda nalo Ikonge kulijaribu kwenye matope, na Obadiah akaja naye, amevaa koti jipya, akisifu kila walipopanda. Walipofika nyumbani, walimkuta Kemuma ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Umekuja, omogaka," alimwambia mumewe. "Twende."

Walimlaza nyuma kwenye godoro. Obadiah alishika usukani. Mvua ilikuwa ikinyesha sana, na barabara ya kwenda hospitali ya Nyamira ilikuwa tope jekundu tupu. Walishuka bonde la kwanza na kuvuka daraja lake vizuri. Walianza kupanda kilima cha pili, chai pande zote mbili, hakuna nyumba wala mtu.

Jethro alikuwa akitazama mpira ule. Aliona petroli ikigeuka rangi. Ilianza kama ukungu. Ikawa kama maziwa. Injini ikakohoa na kuzima.

Alishuka, akachomoa mpira, akaumwaga, akaurudisha. Gari likaenda hatua chache na kuzima. Akafanya hivyo tena. Nyuma, Kemuma aliuma kanga na kuguna.

"Petroli imeziba," Obadiah alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, na alipokwisha kusema aliufunika mdomo wake kwa mkono.

Jethro alimgeukia. "Tata, shuka."

"Nini?"

"Shuka garini. Mimi nitaendesha."

"Mvua hii? Hapa?" Obadiah alishika usukani. "Bochaberi amekuambia. Sikiliza, mwanangu. Shimo lilikuwa langu. Nilikuwa nimeambiwa halifai kuchimbwa, nikawaambia wachimbe. Angetoka hai, angesema. Ndiyo maana. Si kitu kingine."

"Shuka."

"Usiniache hapa. Nakuomba. Tangu tupite daraja kuna mtu ananipumulia shingoni."

Jethro alitazama nyuma. Kulikuwa na Kemuma tu, macho yamefumbwa.

"Nitarudi kukuchukua," alisema. Akamfungulia mlango.

Obadiah alisimama barabarani, maji yakimtiririka usoni. Jethro alizungusha ufunguo. Gari liliwaka. Mpirani, petroli ilikuwa safi. Alisikia Obadiah akiita, na akamsikia akigonga bodi kwa kiganja. Hakusimama. Alijua akisimama halitawaka tena. Alikanyaga mafuta, na sauti ile ikabaki nyuma.

Walifika. Wauguzi walimpokea Kemuma mlangoni, na muda si mrefu Jethro akasikia mtoto akilia. Alisikiliza mpaka akahakikisha ni kilio. Ndipo akageuza gari.

Mvua ilikuwa imekatika. Kilimani hapakuwa na mtu. Aliita, akaingia kwenye chai, akaita tena. Kisha akarudi barabarani na kutazama chini, kwa sababu tope lilikuwa limeshika kila kitu.

Nyayo za viatu vya Obadiah zilionekana pale aliposhuka. Zilizunguka zunguka mahali pamoja. Kando yake palikuwa na nyayo za mtu mwingine, bila viatu. Hazikutoka kwenye chai wala hazikutoka chini ya kilima. Zilianzia katikati ya barabara, pale ambapo sehemu ya nyuma ya gari ilikuwa imesimama.

Nyayo za viatu zilikimbia kidogo, kisha zikaisha. Za miguu mitupu ziliendelea. Kuanzia hapo zilikuwa zimezama zaidi, kama za mtu aliyebeba mzigo. Zilifuata alama za magurudumu, kuelekea hospitali.

Jethro alirudi garini akikimbia.

Kemuma alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Alikuwa mvulana. Alikuwa mzima, ametulia.

"Mtu wako ametoka sasa hivi," Kemuma alisema.

"Mtu gani?"

"Yule wa kazini kwenu. Aliyejaa vumbi. Nilimwonyesha kiti, akakaa chini." Alimvuta mtoto karibu. "Kijana mpole. Pumzi tu ndiyo inayomsumbua."

"Alitaka nini?"

"Aliuliza kama mtoto amelia. Kisha akauliza kama ulimwacha mtu njiani."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo, ulimwacha. Si ulimwacha?"

Jethro alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Akasema nini?"

"Akasema sawa. Akasema anatangulia nyumbani."

Waliporuhusiwa, Jethro aliwapeleka Ikonge, na injini haikukohoa njia nzima. Kufuli la mlango lilikuwa kama walivyoliacha. Chini ya dirisha la chumba chao palikuwa na rundo la udongo mbichi, refu kama mtu aliyelala. Ikonge udongo ni mwekundu. Huu ulikuwa mweupe, umechanganyika na vipande vya jiwe laini la Tabaka. Kemuma alikataa kushuka garini na mtoto.

Majirani walikuja na majembe. Walilitawanya rundo lote wakimtafuta Obadiah, lakini hamkuwa na kitu ndani yake. Basi wakaanza kutafuta mahali udongo ule ulipochimbwa. Walizunguka boma, migomba, shamba la chai, wakateremka mpaka mtoni, wakarudi kwa njia nyingine huku jua likizama.

Hawakuona shimo popote.