Siku Redio Aliponyamaza

Kila jioni Mbio, msichana wa darasa la saba, alipita kumchukua mdogo wake shuleni. Mama alikuwa amempiga marufuku kumpakia kwenye baiskeli. Mdogo huyo walimwita Redio, maana hakuwa na siri. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalo.

Siku hiyo Mbio alimpakia. Kwenye mteremko breki zikakataa, wakabwagwa chini, na mkono wa usukani ukamgonga Redio chini ya mbavu za kushoto. Hakutoka damu. Mbio akamkung'uta vumbi, akamwapisha asimwambie mtu. Na ajabu ya mwaka, Redio akanyamaza kweli.

Jioni alikataa chakula, akasema bega la kushoto linamuuma. Mama akadhani ni uzito wa mkoba, akamchua. Mbio alijifariji kwamba tumbo na bega wapi na wapi. Asubuhi Redio aliposimama, miguu ikamlegea. Jasho jembamba lilimtoka na midomo ilikuwa imepauka. Mama akambeba mbiombio hadi hospitali, Mbio akiwafuata nyuma.

Daktari alimbonyeza tumbo, akamuuliza kama alianguka. Redio akamtazama dada yake, akatikisa kichwa. Mama naye akaapa kwamba mwanawe hajaanguka popote. Daktari akaanza kuzungumzia vipimo vya homa. Mbio akaona wazi kwamba mdogo wake atakufa na siri yake.

"Ameanguka," alisema. "Nilimpakia baiskeli, breki zikakataa. Usukani ulimpiga ubavuni. Mimi ndiye niliyemwapisha."

Daktari akaacha habari za homa, akaagiza Redio apigwe picha ya tumbo papo hapo.

Picha ya tumbo ilionyesha bandama imechanika. Daktari akaeleza kwamba bandama huchuja damu na kusaidia mwili kupigana na vijidudu. Damu iliyovujia ndani ndiyo iliyoleta maumivu hadi begani. Kwa kuwa mapigo ya Redio yalitulia baada ya kutundikiwa maji, hawangempasua. Wangepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye bandama, wazibe panapovuja.

Mama na Mbio walingoja kwenye benchi moja, kila mmoja pembeni kwake. Mlango ulipofunguka, Mbio alishindwa hata kuinua uso.

"Damu imesimama," daktari alisema. "Bandama yake tumeiokoa. Atalala hapa tumwangalie, na asicheze mpaka tumruhusu. Mngechelewa tena kidogo, ningewaambia mengine."

Walipoingia, Redio alifumbua macho kwa shida, akamnong'oneza dada yake, "Sikusema."

Mbio akaangua kilio. Mama akamvuta karibu.

"Breki kukataa ni ajali, mwanangu," alisema. "Kumfunga mwenzako mdomo si ajali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe uliyaficha maradhi ya mtoto asiyejua kujitetea. Ukikosea, niletee kosa likiwa bado bichi. Nitagomba, tena sana. Lakini nitagomba huku nimembeba mdogo wako kuja hospitali."