Yusra Akataa Kufungua Mlango

Kila Jumamosi Yusra humsaidia shangazi yake, Asia, kuanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki. Dagaa huanikwa juu ya vichanja vya waya vilivyounganishwa, kuanzia mbele ya ghala hadi karibu na maji. Yusra yuko darasa la sita, na kwa ubishi hana mpinzani.

Jumamosi moja, saa nane mchana, wingu jeusi lilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Wakiwa ndani ya ghala, Shangazi Asia alivua kanga yake nyekundu, akageuza kioo kikatazama ukuta, maana alikuzwa akiambiwa kwamba radi hupenda vitu vyekundu na vinavyong'aa. Kisha akabeba beseni atoke kukusanya dagaa. Yusra alishangaa sana. Kanga aliiogopa, waya hakuuogopa!

Umeme ukamulika. Yusra akahesabu sekunde, na alipofika sita ngurumo ikalia. Mwalimu Nikodemu aliwafundisha kwamba mwanga hufika papo hapo, lakini sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Basi radi ilikuwa kilomita mbili tu kutoka hapo. Yusra akafunga mlango wa ghala kwa kufuli, akaficha ufunguo.

“Fungua,” shangazi alisema.

“Sifungui, shangazi. Radi ikipiga kichanja cha kule majini, umeme utapita kwenye waya mpaka mikononi mwako.”

“Dagaa wa wiki nzima wataoza.”

“Na waoze. Nichape ukitaka, lakini sifungui.”

Shangazi alimwita mtoto asiye na adabu. Yusra alilia kwa woga na hasira, ila mgongo wake haukubanduka mlangoni. Alifungua nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, kama walivyofundishwa.

Radi haikupiga vichanja. Dagaa walikuwa wameloa chapachapa, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Majirani walicheka, na Jumatatu shangazi akaenda shuleni kumshtaki Yusra.

Mwalimu Nikodemu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza kwamba ndani ya wingu chembe za barafu hugongana na kutenganisha chaji za umeme. Chaji zikizidi, umeme huruka hadi ardhini, mara nyingi kupitia kitu kirefu. Rangi ya nguo haiuiti, lakini waya huusafirisha mbali.

“Mbona haikupiga?” shangazi aliuliza.

“Hakuna aliyejua itapiga wapi, mama. Yusra alikosea, ukapoteza dagaa tu. Wewe ungekosea, leo tungekuwa msibani kwako.”

Shangazi alimsubiri Yusra hadi masomo yalipokwisha. Njiani alimshika Yusra mkono, akamwambia waziwazi kwamba alikuwa na haki ya kumkatalia.

Jumamosi iliyofuata wingu lilionekana tena, na shangazi akahimiza wote waanue mapema. Ngurumo ya kwanza ilimkuta jirani yao, Bibiana, bado yuko kwenye waya, akiomba dakika mbili amalize. Shangazi alimpokonya beseni, akamsukuma ndani ya ghala pamoja na wengine.

“Ukisikia ngurumo, acha kila kitu uingie ndani,” alisema, akifunga mlango. “Dagaa tutavua wengine, Bibiana. Wewe tutakuvua wapi?”