Macho Mekundu ya Bi Apolinaria

Msimu wa tumbaku ukifika Sikonge, moshi hauondoki kijijini. Kila familia ina bani lake, kibanda cha udongo cha kukaushia majani, na moto wa bani haupaswi kuzimika. Kwa akina Recheli, kuchochea kulikuwa kazi ya mkwewe, Bi Apolinaria. Bibi huyo alishinda mbele ya moto akinong'ona peke yake, macho mekundu kama pilipili.

Recheli, mumewe Gerson na binti yao Stela waliingia shambani alfajiri, majani yakiwa yamelowa umande. Waliyachuma, wakayakumbatia, nguo zikalowa mpaka tumboni. Hakuna aliyejali. Ndivyo walivyochuma baba zao.

Asubuhi moja Stela alirudi akiyumba. Alitapika mpaka nyongo.

"Mama, nyumba inazunguka," alilia. Kisha akapiga kelele: "Kuna mtu dirishani!"

Recheli aligeuka. Alikuwa Bi Apolinaria, uso umejaa masizi, midomo ikichezacheza bila sauti. Nywele zilimsimama Recheli.

Kesho yake mtoto alikuwa mzima. Akarudi shambani, na ugonjwa ukarudi. Mtoto wa Zablon, jirani yao, naye akaanguka hivyohivyo.

"Ugonjwa gani huu unakuja na kuondoka kama mgeni?" Zablon alimwambia Recheli. "Na yale macho, shemeji, huyaoni? Ijumaa tunamleta lambalamba."

Lambalamba ni mganga anayezunguka vijijini akitaja wachawi. Mwaka uliopita alimtaja mama mmoja kijiji cha pili. Nyumba ya mama yule ilichomwa moto, mwenyewe akiwa ndani.

Recheli ni Mmoraviani, tena mwimba kwaya. Lakini hofu haikumuuliza dhehebu lake. Tangu siku ile hakumpa mkwewe chakula mkononi. Aliweka sahani kizingitini, akaisukuma kwa mwiko, akarudi nyuma haraka. Bibi aliinama akaiokota.

Siku ya Jumatano Bi Apolinaria alifungua mlango akakuta kichwa cha kuku mweusi. Kilikuwa kimeoshwa safi, bila tone la damu, kimeelekezwa ndani, macho wazi. Gerson alijua ni onyo, hakungoja Ijumaa. Alimpakia mama yake kwenye baiskeli hadi barabarani, akamsafirisha hadi kijiji cha Ziba, kwa mjomba wake. Recheli alishusha pumzi, na aibu kidogo ikamshika.

Alhamisi alichuma peke yake. Ukungu ulikuwa mzito na shamba lilikuwa kimya kabisa, hata ndege hawakulia. Mara mistari ya tumbaku ikaanza kuzunguka. Mate yakamjaa mdomoni. Akaanguka, akatapika, akaona kivuli kinamwinamia.

"Niache!" alipiga yowe. "Niache, mama!"

"Ni mimi, mama Stela. Magreth."

Magreth alikuwa mpangaji wao, binti wa mtaa wa Cheyo, Tabora mjini. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetafiti kesi za uchawi, zamani na sasa. Alimkokota Recheli hadi zahanati.

Tabibu alimtazama nguo zilizolowa, akamnusa mikono. "Umechuma na umande? Tumbaku ina sumu. Jani likilowa, sumu inapenya kwenye ngozi. Kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma. Vua hizo nguo, uoge kwa sabuni. Na mtoto asiguse tumbaku kabisa, yeye inamshika haraka zaidi."

Magreth alikaa kando ya kitanda. "Mama Stela, bibi yuko wapi leo?"

"Ziba."

"Basi wewe umerogwa na nani?"

Recheli aligeuzia uso ukutani. Machozi yalimtoka.

"Nimezungumza na wazee wengi kando ya njia ya zamani ya misafara," Magreth alisema polepole. "Wananisimulia kwamba zamani mtu akishtakiwa, kuku alinyweshwa mwavi, ile dawa ya sumu. Kuku akifa, mtu ana hatia. Hata Ulaya walichoma wanawake kwa mashtaka ya namna hiyo. Ninakouliza nasikia yaleyale. Unakuja ugonjwa usioeleweka, watu wanaogopa, halafu anatafutwa mtu. Mara nyingi ni bibi kizee, mjane, asiye na wa kumtetea."

"Na macho?"

"Kaa wewe mbele ya moshi miaka yote hiyo, tuone yako yatakuwaje."

Ijumaa watu walijaa uwanjani. Lambalamba alikuja na njuga miguuni na usinga mkononi. Alipozungusha macho, kila mama alitazama chini. Recheli akasimama.

"Mkwe wangu alikuwa Ziba, na mimi nilianguka jana. Zablon, mwanao asichume na umande kwa wiki moja. Akitapika tena, nifukuzeni mimi."

Zablon alimtazama mwanawe. Vidole vya mtoto vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. "Wiki moja," alisema kwa shida. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshapiga simu polisi. Lambalamba alisikia, akavua njuga zake akaondoka.

Wiki ikapita. Hakuna mtoto aliyetapika. Sasa wanachuma umande ukishakauka, wamevaa mikono mirefu na makoti ya mvua, na watoto wako shuleni. Gerson alitengeneza bomba la kutoa moshi, na kazi ya kuchochea akaichukua yeye.

Bi Apolinaria alirudi, macho yakiwa yameanza kupona kwa dawa ya hospitali. Recheli alipiga magoti, akamkabidhi sahani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi hakuipokea mara moja. "Na wewe uliamini?"

"Niliamini, mama. Nilikuona dirishani ukinong'ona."

"Nilikuwa namwombea Stela," bibi alisema. "Baadaye niliogopa hata kuingia ndani. Nilijua utanisukuma kwa mwiko kama ile sahani."

Kisha akaipokea sahani, akala.