Risasi Iliyozidi kwa Nywele Mbili

"Pai inatoka jikoni saa nne asubuhi," ilisema sauti kwenye simu. "Mpishi lazima awepo."

"Nimekupata."

Signe Tollefson akazima simu, akaisukumia ndani ya buti, akavuta maji ya choo ambacho hakukitumia.

Mlango ukapigwa teke.

"Bibie, unazaa humo ndani?"

Huyo ndiye Royce Kittredge, bingwa wa shabaha wa masafa marefu wa Montana nzima. Kila mwaka huwafundisha watoto wa mji wa Roundup usalama wa bunduki bila malipo. Asubuhi hii alikuwa amekodiwa kuua mtu. Signe alimchukia kuliko majambazi wote aliowahi kuwafuata, maana jambazi wa kawaida hajifanyi mwalimu wa watoto.

Pai alikuwa Ezra Pruitt, dereva wa lori, baba wa watoto wanne. Aliona kwa macho yake vipuri vya makombora vikifichwa chini ya mbao na kuvushwa mpaka wa Kanada. Saa nne angetua na ndege ndogo, apelekwe mahakamani. Mpishi alikuwa Corvin, mkuu wa magendo hayo, mgeni ambaye Ofisi ya upelelezi iliyomtuma Signe haikuwa hata na picha yake. Corvin hakumwamini mtu. Angekuja mwenyewe kumwona Ezra akianguka. Kumkamata Kittredge mapema kungemfanya Corvin ayeyuke kama theluji ya Mei.

Kwa hiyo bunduki ilitakiwa ifike kilimani. Ila isifanye kazi.

Baridi ya milimani ilikuwa imeua ncha za vidole viwili vya Kittredge. Kidole cha kufyatulia kilikuwa kizima, lakini kazi ndogondogo zilimshinda. Wiki tatu Signe alikuwa mikono yake, akimjazia risasi moja moja kwa mashine ya Redding. Kittredge alimlipa kwa matusi.

Ofisi ilishauri aweke mchanga badala ya baruti. Wajinga. Kittredge alipima uzito wa kila risasi, na katika kila kumi alifyatua tatu za majaribio.

Signe alikuwa na njia yake.

Kila bunduki ina kina chake. Unachukua ganda tupu, unalishikiza kichwa cha risasi kwa kulegea, unalitia bundukini, unafunga komeo, kile chuma cha nyuma kinachoibana risasi ndani. Kichwa kinagusa mistari inayozunguka ndani ya mtutu na kurudishwa nyuma. Unalitoa polepole, unapima urefu. Kittredge alitaka vichwa vikae unywele mmoja kabla ya kugusa. Signe ndiye aliyepima, na Signe alidanganya. Alimtajia urefu uliozidi kwa nywele mbili, kichwa kikajikita kwenye mistari yenyewe, na shingo ya ganda akailegeza.

Risasi ya hivyo hulipuka vizuri tu. Zile tatu za majaribio zilitoboa tundu moja kwenye karatasi, Kittredge akanung'unika kwa furaha. Balaa yake ni moja: ukishaitia bundukini, usighairi. Ukifungua komeo, kichwa hubaki kimenasa mtutuni, ganda linatoka mikononi mwako bila kichwa, na baruti inamwagikia kila kitu. Hapo bunduki ni fimbo ya kutembelea.

Ilibaki kumfanya Kittredge aghairi.

Saa nne kasoro dakika tano walikuwa kilimani. Uwanja wa ndege ulikuwa chini yao, yadi mia tisa. Kittredge alilala kifudifudi nyuma ya Remington 700, akasukuma komeo.

Akasita.

"Komeo zito."

"Maganda mapya."

"Au mikono mibovu."

"Ungekuwa na yako ungefanya mwenyewe," Signe alimjibu.

Kittredge akatema mate, akafunga.

Ndege ikatua. Mpishi hayupo.

Ikasimama. Hayupo.

Kisha vichaka vikatikisika, akatokea mtu mfupi mwenye koti jipya la kuwindia, lebo bado inaning'inia. Corvin. Akampapasa Signe kuanzia kwapa hadi kiunoni kutafuta silaha, hakupata.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mtumishi," alisema Kittredge.

Signe akakohoa mara mbili. Kipaza sauti kilichoshonwa kwenye kola kikapokea.

"Dakika nne tufike," sauti ya Ofisi ikamnong'oneza sikioni.

Mlango wa ndege ukafunguliwa. Ezra Pruitt akatokeza kichwa. Dakika nne zilikuwa nyingi mno.

Signe akachukua chupa ya kahawa, ile Stanley ya chuma, akaanza kushuka mteremko. Akakata mbele ya mtutu, hatua sita kutoka kwenye mdomo wake.

"Wewe, toka hapo!"

"Kibendera chako cha upepo kimelala, nakwenda kukisimamisha," alisema bila kugeuka. Aliogopa, na aliogopa zaidi kuonekana anaogopa.

"Piga tu," Corvin alifoka. "Mpige na yeye."

Miaka thelathini Kittredge aliwaambia watoto neno lilelile: mtu akipita mbele, fungua komeo. Tabia ni ngozi. Akili yake ilikuwa bado inatukana, mkono ulishafungua.

Ganda likatoka halina kichwa.

Baruti ikamwagika komeoni, kwenye kifyatulio, kwenye mikono yake. Akaitazama. Akamtazama Signe. Akaelewa yote.

"Ulipima vibaya makusudi," alisema taratibu.

"Nilipima vizuri. Nilikutajia vibaya."

Corvin hakuelewa risasi, lakini alielewa usaliti. Beretta ikachomoka kwenye koti. Signe akamrukia, akamgonga kifundo cha mkono kwa ile Stanley. Mfupa ukalia. Bastola ikabingirika mawe kwa mawe, Signe akaifikia kwanza.

"Lala chini, mpishi."

Akalala. Kittredge hakuinuka kabisa.

"Ningefyatua," alisema, "ningekupasua kifua."

"Najua."

"Sasa mbona ulipita?"

"Yule kule ana watoto wanne. Huenda wengine umewafundisha wewe."

Kittredge akafunika uso kwa vidole vyake vibovu. Magari mawili ya Ford ya Ofisi yakapanda nyuma ya kilima, pingu zikafanya kazi yake.

Signe akashuka hadi uwanjani kwa miguu. Ezra Pruitt alikuwa amesimama chini ya bawa, kati ya walinzi wawili, anahamisha uzito mguu huu na huu. Alipoona kitambulisho ambacho Signe alikichomoa butini, akamjia juu.

"Dada, wewe ndiye mkubwa wao? Watu wako wamenibana kama ndama. Tangu turuke kutoka Billings nimeomba choo, nanyimwa. Mnadhani nani anataka kuniua mimi?"

Signe akamtazama usoni, mzima, mwenye hasira, anapumua.

"Mlango wa kijani," akamwambia. "Nenda polepole, hakuna haraka tena."

Ezra akaenda zake.