Mkweche wa Baba Mwinukoni

Mimi nikisimulia, hata waongo wenzangu hunyamaza. Basi sikilizeni lililompata rafiki yangu kinyozi. Alinunua kigari kipya, kidogo kama kiatu, kinachonong'ona badala ya kunguruma. Uani alikuta mkweche wa baba yake umejaza nafasi yote, mzito kama ng'ombe mwenye mimba. Akaung'oa injini, akaiuza kwanza.

"Mwanangu, niachie hata bodi," mzee akamlilia kutoka kitandani, miguu imepooza. "Gari hilo ndilo lililokuleta nyumbani ulipozaliwa."

"Baba, kigari changu kinakunywa mafuta kama ndege anywavyo maji. Lako lilikunywa kama wewe enzi zako! Linakwenda kwa wanunua vyuma leo hii, na ukinuna nitakupakia humo humo."

Mzee akageukia ukutani.

Kinyozi akaufunga mkweche kwa kamba nyuma ya kigari. Hakutafuta mtu wa kushika usukani wa nyuma; aliukaza kwa mpira, akasema njia imenyooka. Ilinyooka kweli, hadi ndani ya handaki la chini ya reli, refu, lisilo na taa, lenye mwinuko mkali.

Katikati ya giza akahisi kigari kimekuwa chepesi. Kamba ilikuwa imelegea, inaburuzika chini: kwaru, kwaru. Mwinukoni! Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yakalia, kigari kikazidi kusukumwa mbele. Nyuma yake mngurumo mzito ukapanda, ukatulia kidogo, kisha gia ikabadilishwa taratibu, kwa mkono unaoijua kazi.